Gari Kuukuu: Kutafuta Chanzo cha Ubovu Kabla ya Kuamua Kulitengeneza

Gari lenye umri mkubwa halistahili kuachwa kwa sababu ya umri wake peke yake, wala halistahili kutengenezwa kwa sababu tu mwenyewe amelizoea. Jambo la kujua kwanza ni nini hasa kimeharibika, na jambo hilo hujulikana kwa kupima. Dalili moja, tuseme gari kuchemsha, inaweza kuletwa na kifuniko cha rejeta kilichochoka au na silinda hedi, yaani kifuniko cha chuma cha juu ya injini, iliyopasuka. Cha kwanza hubadilishwa kwa dakika moja, cha pili kinaweza kuwa mwisho wa gari. Anayeamua kabla hajajua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichompata anabahatisha, hata akipiga hesabu zake kwa makini namna gani.

Utaratibu unaofaa ni kuanza na bodi, kisha injini, gia na umeme, na kuacha hesabu mwisho. Watu wengi huupindua: huanza na injini kwa kuwa ndiyo iliyowakwamisha barabarani, wakaifumua na kuilipia, na gari linapopandishwa juu kwa kazi nyingine ndipo inapoonekana kwamba chuma kinachoibeba injini hiyo kimeliwa na kutu.

Kutu na bodi iliyopinda

Kutu inayoonekana kwenye milango, pembeni mwa boneti na juu ya matairi inachukiza macho lakini haiamui jambo. Inayoamua iko chini: kwenye mihimili ya chesisi, kwenye vizingiti vilivyo chini ya milango, mahali shokamzoba zinaposhikamana na bodi, mahali zinapofungwa arm za magurudumu, na kwenye mabomba membamba ya breki. Magari mengi madogo hayana chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo, hivyo kizingiti kilichooza kimepunguza nguvu ya gari zima, na siku ya ajali hakitamlinda mtu aliyeketi nyuma yake.

Upimaji wake hauhitaji mashine. Gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, kwa maana jeki peke yake haiaminiki, kisha mtu apite chini na tochi na bisibisi kubwa, akigonga kwa mpini hatua kwa hatua. Bati zima hutoa mlio mkavu. Bati lililooza hutoa mlio mzito uliokufa, na ukilisukuma kwa ncha ya bisibisi linabonyea au linatoboka na kumwaga vumbi la kahawia. Patilie shaka mahali palipopakwa rangi nyeusi nzito iliyo mpya huku sehemu nyingine zote za chini zikiwa chakavu, kwa kuwa rangi ya namna hiyo huficha puti na vipande vya bati vilivyobandikwa juu ya matundu. Sumaku ndogo inatosha kuumbua jambo hilo, kwa sababu hushika bati na haishiki puti.

Tundu moja kwenye kizingiti, lililozungukwa na bati zima, hukatwa na kuchomelewa bati jipya, na gari likaendelea. Kutu iliyofika kwenye maungio kadhaa kwa wakati mmoja ni habari nyingine, kwa sababu kila bati linalokatwa hufunua bovu jingine lililo nyuma yake na makadirio ya mwanzo hayabaki yalivyokuwa. Hapo ushauri wangu ni kuacha, hata kama injini inaunguruma vizuri. Vivyo hivyo kwa gari lililopata ajali zamani na kupinda: tairi zikilika upande mmoja hata baada ya kupelekwa kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, na fundi wa alaimenti akasema vipimo havifiki panapotakiwa ingawa bushi na boljointi, yaani maungio ya magurudumu, ni mpya, tatizo liko kwenye bodi.

Bodi ikiwa nzima, karibu kila kitu kingine kinaweza kujadiliwa.

Gari linachemsha

Injini inapochemsha izimwe na kuachwa ipoe, na rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto. Hedi nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu ikizidiwa na joto hupinda. Mtu anayejikaza kumalizia safari huku mshale uko kwenye nyekundu anaweza kugeuza tatizo la thamostati, kizibo kidogo kinachodhibiti mtiririko wa maji, kuwa tatizo la hedi.

Ikishapoa, anza na mambo madogo. Kama maji yamepungua, tafuta yanapovujia: kwenye mipira, kwenye maungio ya rejeta, kwenye pampu ya maji, ambayo ikichoka huacha alama ya maji yaliyokauka chini ya mhimili wake, na kwenye rejeta ndogo ya hita, ambayo hulowesha zulia la ndani. Kama gari linachemsha likiwa kwenye foleni lakini linapoa likishika mwendo, feni haizunguki, na chanzo kinaweza kuwa fyuzi, rilei, sensa ya joto au mota yenyewe. Kama linachemsha mlimani au katika mwendo wa kasi, rejeta imeziba au pampu haisukumi maji ya kutosha. Kama mpira wa juu wa rejeta ni wa moto sana na wa chini bado ni baridi, thamostati huenda imekwama ikiwa imefunga. Yote hayo ni matengenezo ya kawaida, na hakuna hata moja linalopaswa kumfanya mtu afikirie kuuza gari.

Shaka kubwa huanza pale maji yanapopungua na hayaonekani yanakokwenda. Hapo gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya hedi na bloku, ndiyo inayotuhumiwa, na inayo dalili zake: mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ikiwa inazunguka, mpira wa juu kuwa mgumu kwa presha muda mfupi tu baada ya kuwasha, injini ikiwa bado baridi, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usiokwisha hata injini ikishapata moto, na oili iliyogeuka kuwa rojo jeupe kwenye kijiti cha kupimia. Hata hivyo, rojo kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili, pasipo dalili nyingine, haithibitishi kitu, kwa kuwa gari la safari fupi fupi wakati wa baridi hukusanya unyevu mahali hapo. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke wa kawaida.

Uthibitisho unapatikana kwa urahisi. Kipo kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta huku injini ikizunguka. Gesi ya injini ya petroli ikipita ndani yake, rangi hubadilika kuwa ya njano. Kipimo hicho ni rahisi kukilipia, na sioni sababu ya kukubali hedi ifunguliwe kabla hakijafanywa.

Gasketi ikithibitika kuungua, gasketi yenyewe ndiyo sehemu ndogo ya bili. Uzito uko kwenye kazi ya kufungua na kufunga, na hasa kwenye hali ya hedi. Hedi huwekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa feeler geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na upindo unaoruhusiwa kwa kawaida ni sehemu chache za mia za milimita. Ikizidi husagwa, ikiwa kiasi cha kusaga kilichoruhusiwa na mtengenezaji hakijaisha. Hupimwa pia kwa presha ili kuona kama ina ufa. Omba makadirio mawili tangu mwanzo, moja la hedi iliyo salama na jingine la hedi inayohitaji kubadilishwa, kisha uamue kwa kutazama lile la pili. Hedi inaporudishwa bila kupimwa, gasketi mpya huungua tena, na mwenye gari akalipa kazi ileile mara mbili. Dawa za kumimina kwenye rejeta ili kuziba ufa huziba pia njia nyembamba za rejeta na hita, na zinafaa tu kulifikisha gari gereji.

Moshi wa bluu na oili inayopungua

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na wakati unapotokea ndio unaosema inapitia wapi. Moshi unaotoka kwa wingi gari linapowashwa baada ya kulala, kisha ukaisha, huelekeza kwenye sili za valvu, ambazo zimekuwa ngumu kwa umri na kuruhusu oili ichuruzike usiku. Moshi unaotoka unapokanyaga mafuta kwa nguvu na kuendelea muda wote wa safari huelekeza kwenye ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Kama injini ina tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, sili za tabo nazo zichunguzwe. Kabla ya yote hayo, angalia valvu ndogo ya kupumulia ya injini: ikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili hadi kwenye njia ya hewa, na injini nzima ikaonekana kama imekufa.

Kiasi kinachopungua kipimwe ipasavyo. Jaza oili hadi alama ya juu, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, andika kilomita, kisha pima tena baada ya kilomita 1,000. Baadhi ya watengenezaji huhesabu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa bado ndani ya mipaka, jambo ambalo huwashangaza wengi. Hakikisha pia kwamba oili inaungua kweli na haivuji chini, kwa kuwa sili na gasketi za nje ni za gharama nyingine kabisa.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Plagi zote hutolewa, mafuta na mkondo wa plagi hukatwa, geji hufungwa kwenye tundu la plagi, na stata huzungushwa pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Silinda nzima ya injini ya petroli mara nyingi husoma kati ya bari 10 na 14, ingawa namba rasmi ni ile ya mtengenezaji. Dizeli husoma juu zaidi na huhitaji geji yake. Ulingano wa silinda ni muhimu kuliko ukubwa wa namba yenyewe. Tuseme geji imesoma 12, 12.2, 11.8 na 7.5. Silinda ya nne iko chini mno, na kilichobaki ni kujua kwa nini: mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu lake na upime tena. Ikipanda hadi 10 au zaidi, oili imeziba kwa muda nafasi ambayo ringi zimeshindwa kuiziba, kwa hiyo ubovu uko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Ikibaki karibu na 7.5, hewa inapotelea kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, tazama gasketi iliyo kati yake.

Ubovu wa valvu hutengenezwa kwa kufungua hedi peke yake. Ubovu wa ringi na ukuta wa silinda hudai injini nzima ifumuliwe, na kwa gari kuukuu hapo ndipo bili inapoanza kushindana na bei ya gari jingine. Lakini ipo njia ya tatu ambayo haisemwi sana gereji kwa sababu haimlipi mtu: injini inayokula oili kiasi, yenye mgandamizo unaolingana, na isiyogonga, inaweza kuendeshwa muda mrefu kwa kuongezewa oili kila inaposhuka. Plagi zitachafuka mapema na masega ya ekzosi, yaani chombo kinachosafisha moshi, yataharibika kabla ya wakati wake, na gari linaweza kushindwa ukaguzi wa moshi. Pamoja na hayo, kwa gari linalotarajiwa kutumika mwaka mmoja au miwili tu, oili ya kuongeza ni nafuu kuliko injini.

Moshi mweusi usimtishe mtu. Ni mafuta yaliyozidi kwa hewa iliyopo, na vyanzo vyake ni chujio la hewa lililojaa, sensa au nozeli ya kunyunyizia mafuta.

Injini inagonga, au taa ya oili inawaka

Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikizunguka, zima papo hapo, kisha pima kiwango cha oili. Kama oili ipo, bado usikate tamaa, kwa sababu swichi ya presha ni kitu kidogo kinachoharibika mara kwa mara. Fundi aitoe swichi hiyo na kufunga mahali pake geji ya kawaida ya presha. Geji ikisoma vizuri, umebadilisha swichi na umemaliza. Ikisoma chini injini ikiwa ya moto, chanzo ni pampu, chujio la kunyonyea lililozibwa na matope ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, au beringi za kranki, mhimili mkuu wa injini, zilizolika kiasi cha kuachia oili itoroke.

Milio nayo hutofautiana. Mlio mwepesi wa haraka kutoka juu ya injini, hasa asubuhi, huwa wa tapeti, vifaa vinavyosukuma valvu, na mara nyingi hutulia kwa marekebisho au kwa oili iliyo sahihi. Mlio mzito kutoka chini, unaoongezeka kadiri injini inavyopanda mizunguko au inavyobebeshwa mzigo, ni wa beringi za koneti, fimbo inayounga pistoni na kranki. Kuuthibitisha, katiza umeme wa plagi ya silinda moja moja: mlio ukipungua au kubadilika silinda fulani inapokatizwa, ni koneti yake inayogonga. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata hadi gereji, livutwe, kwa sababu koneti ikikatika hutoboa bloku, na bloku iliyotobolewa haina hata thamani ya kufumuliwa.

Kama injini hutumia mkanda wa taimingi, unaoziendesha valvu sambamba na pistoni, na ikazimika ghafla barabarani, na ukipiga stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekatika. Usiendelee kupiga stata. Kwenye injini nyingi, mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu zilizobaki wazi na kuzipinda. Kwenye nyingine nafasi inatosha na hakuna kinachogusana, na hapo mkanda mpya unamaliza kazi. Aina ya injini hujulikana kwa namba yake kabla ya kufungua chochote.

Injini inamisi na taa ya injini inawaka

Taa ya injini ni dalili inayowafanya watu wauze magari mazima. Msimbo unaosomwa na mashine huonyesha mahali pa kuanzia uchunguzi, na haumwambii mtu kifaa cha kununua. Msimbo P0420, kwa mfano, husema masega hayasafishi moshi ipasavyo, na masega ni ghali. Lakini ekzosi inayovuja kabla ya sensa, au sensa ya oksijeni iliyochoka, inaweza kuleta msimbo huohuo. Misi ya silinda moja, yaani silinda hiyo kushindwa kuwasha mafuta yake, hutafutwa kwa kuhamisha koili (inayotengeneza umeme wa plagi) na plagi kwenda silinda nyingine: misi ikihama nayo, mhalifu amepatikana bila kununua chochote. Ikibaki palepale, rudi kwenye nozeli na kwenye kipimo cha mgandamizo. Taa ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo, misi ni kali kiasi cha kuunguza masega, kwa hiyo mguu utolewe kwenye mafuta na gari lisimamishwe mapema. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na ya petroli katika Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, husomwa kwa mfumo mmoja wa misimbo, hivyo hata mashine ndogo ya kusomea inayatosha.

Gia

Kwa gia za mkono, tenganisha kwanza klachi na giaboksi, kwa kuwa klachi ni kitu cha kuchakaa kama pedi za breki. Injini ikipanda mizunguko bila gari kuongeza mwendo, hasa mlimani katika gia ya juu, klachi imeisha. Kwa kelele, simamisha gari, gia ikiwa huru na injini ikizunguka: kelele inayozaliwa unapokanyaga pedali ni ya beringi ya klachi, inayosikika pedali ikiwa juu na kupotea unapoikanyaga ni ya beringi ya shafti iliyo ndani ya giaboksi. Gia inayochomoka yenyewe nayo mara nyingi ni tatizo la ndani ya giaboksi. Giaboksi inaposhushwa kwa kazi yoyote, klachi, beringi yake na sili ya nyuma ya kranki vitazamwe palepale, maana gharama kubwa ni ya kushusha na kupandisha.

Kwa otomatiki, anza na oili yake. Kiwango kilichopungua peke yake kinaweza kuleta kuchelewa na kuteleza. Gia moja tu inayogoma, au inayoingia kwa mshtuko, mara nyingi huhusu solenoidi (swichi ya umeme inayofungua njia za oili), sensa au waya, na hivyo hutengenezwa bila kufumua giaboksi. Lakini gari linaloteleza katika gia zote, linalochukua sekunde kadhaa kushika linapowekwa D au R, na lenye oili nyeusi inayonuka kuungua huku chembe za chuma zikiwa zimetulia kwenye sampu, limeisha ndani. Gia za CVT, yaani otomatiki zisizo na hatua, zikifika hapo mara nyingi hubadilishwa nzima. Bili ya otomatiki, kwa maoni yangu, ndiyo inayoyamaliza magari mengi ambayo bodi na injini zake zingeweza kuendelea.

Umeme

Gari lisilowaka asubuhi lipimwe kwa volti kabla ya kununuliwa betri. Betri iliyojaa na kutulia husoma takribani volti 12.6, injini ikizunguka, inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5 hivi, vinginevyo alteneta au mkanda wake una kasoro. Kama betri na alteneta ni nzima na bado gari linalala bila nguvu, kuna kitu kinachonyonya umeme usiku: funga mita ya ampea, subiri kompyuta za gari zilale, na ukiona zaidi ya miliampea 50 hivi, toa fyuzi moja moja hadi namba ishuke.

Dalili nyingi zisizohusiana zikitokea kwa pamoja, taa zikafifia, mishale ikacheza na redio ikazimika, mwenye gari hudhani wayaringi yote imekufa, kumbe ni waya mmoja wa ethi, unaorudisha umeme kupitia bodi, ulioota kutu mahali unapofungwa kwenye bodi. Tofauti ni gari lililozama maji hadi usawa wa dashibodi. Viungio vyake huendelea kuota ukungu wa kijani kwa miezi na dalili zake huhamahama. Hilo sishauri kulipia hata kama limewaka.

Shokamzoba, bushi, tairodi, boljointi, pedi na diski za breki hazina nafasi katika mjadala wa kuacha gari. Ni vitu vya kuchakaa, na gari lingine la umri huohuo utakalonunua huenda litavidai ndani ya miezi michache.

Hesabu

Kanuni inayorudiwa sana husema matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, gari liachwe. Ni kanuni rahisi kukumbuka na hudanganya mara nyingi, kwa sababu hulinganisha bili na kitu ambacho mwenye gari hanunui. Anachopaswa kulinganisha ni fedha zitakazomtoka kwa kutengeneza na fedha zitakazomtoka kwa kupata gari jingine litakalofanya kazi ileile.

Tuseme gari lako likiwa zima lina thamani ya 100, kwa fedha yoyote ile, na kama lilivyo sasa, likiwa bovu, mtu atalinunua kwa 35. Bili ni 60. Kanuni ya nusu inasema liachwe. Gari jingine la hali kama hiyo litagharimu 100, na juu yake uhamisho wa umiliki, bima na sevisi ya kwanza, tuseme 15. Ukitoa 35 za kuuza bovu, zinakutoka 80. Kutengeneza kumekuokolea 20, na gari unalijua tabia yake, tofauti na hilo jingine ambalo mgandamizo wake hukuupima. Sasa weka kutu kwenye mhimili inayohitaji 30 nyingine, na kutengeneza kunafika 90. Uamuzi umegeuka, na kilichougeuza ni mwili wa gari, wala si injini iliyolipeleka gereji.

Katika hesabu hiyo usiingize fedha zilizokwisha kutumika. Shokamzoba mpya za mwezi uliopita hazimlazimishi mtu kununua injini. Zinahesabika kwa namna moja tu, kwamba hazitahitajika tena mwakani. Ingiza badala yake yale yatakayodaiwa katika miezi 12 ijayo: mkanda wa taimingi uliokaribia kikomo, mabomba ya breki, na tairi, ambazo umri wake husomeka ubavuni katika tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza kwa herufi DOT, 2319 ikimaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwombe fundi agawe makadirio yake kati ya yale ya usalama, yale yatakayolisimamisha gari, na yale yanayoweza kungoja. Fundi asiyeweza kuyagawa hajalikagua gari. Ulizia pia vipuri kabla ya kukubali, hasa kompyuta na vifaa vya umeme vya modeli zilizokoma kutengenezwa, kwa kuwa gari lililofumuliwa likisubiri kifaa kisichopatikana haliuziki hata kwa ile 35.

Daftari la matengenezo nalo lisomwe kwa makini. Gari lililobadilishwa breki, betri na bushi katika mwaka mmoja limekuwa zima kuliko lilivyokuwa. Gari lililorudi gereji mara kwa mara kwa dalili ileile halijawahi kupatiwa chanzo, na bili mpya isilipwe kabla chanzo hakijaonyeshwa kwa kipimo. Injini ya mtumba nayo inaweza kuwa jibu la nafuu kuliko kufumua iliyopo, ikiwa mgandamizo wake umepimwa mbele yako na ikiwa mkanda, pampu ya maji na sili zake vitabadilishwa kabla ya kufungwa, wakati kila kitu kinafikika kwa mkono.

Anayeamua kutolitengeneza lakini kuendelea kulitumia hadi litakapokoma bado anawajibika kwa breki, usukani, tairi, taa na mikanda ya usalama, na ikiwa kimojawapo hakifai, gari halipaswi kuondoka. Akiliuza, amweleze mnunuzi ubovu uliopimwa pamoja na namba zake, jambo ambalo humpunguzia ubishi wa baadaye na mara nyingi humpatia bei nzuri kuliko maneno ya jumla, kwa sababu fundi anayenunua hujua anachokwenda kufungua. Likiuzwa kwa wanaobomoa magari, oili, maji ya rejeta na betri vitolewe na kupelekwa panapopokelewa, na bei ya masega ipatanwe peke yake, kwa kuwa ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na mnunuzi wa chuma chakavu analijua hilo vizuri.